Moto wa Mama Haukuingia kwenye Picha

Waliotengeneza kamera yangu walikaa huko kwao wakaamua kwamba sekunde thelathini zinamtosha binadamu. Ukizungusha kigurudumu cha muda, kilango kinachoingiza mwanga kinakubali kukaa wazi sekunde moja, tano, kumi na tano, thelathini, halafu kinagoma. Anayepiga picha taa za magorofa zinamtosha na chenji inabaki. Waje basi wasimame na mie ukingoni mwa mto, gizani, bila mwezi, nikitafuta kijinga cha moto cha mama yangu ng'ambo ya pili, ndipo waniambie habari za thelathini. Nina hasira nao mpaka leo. Katika habari hii nina hasira na watu wengi, na hao naanza nao kwa sababu si ndugu zangu.

Nina studio ndogo Kibiti. Napiga picha za pasipoti, za harusi, za watoto wanaomaliza darasa la saba na shati la kuazima. Kazi yangu yote ni ya mchana au ya taa. Picha ya usiku sikuwa nimewahi kuihitaji mpaka kaka yangu aliponitia kwenye hiyo kazi.

Mama analima mpunga bondeni, upande wa Mbuchi, katika shamba alilopewa na baba yake kabla hajaolewa. Si la marehemu baba yetu wala si la urithi wa mtu. Ni lake. Ila mashamba ya kule hayana karatasi. Mpunga ukianza kutoa masuke, mwenye shamba anahamia dunguni, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba, na anakaa humo mpaka avune. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza nguruwe. Na kila usiku moto wake lazima uonekane. Shamba ambalo msimu wa masuke halina moto, watu wanasema limekufa, kwa sababu nguruwe akiingia kwako bila kufukuzwa anapitiliza kwa jirani. Shamba lililokufa mtu wa ukoo wa mwenye shamba anaweza kuliomba barazani, akapewa. Hivyo ndivyo tulivyokuta.

Kaka yangu alikuwa na mnunuzi, mfanyabiashara wa mjini anayetaka mashamba yaliyoshikana, na la mama lilikuwa katikati. Alimwendea mama akamwomba aliachie. Mama akasema hapana. Akarudi tena, akaambiwa hapana na akapewa uji. Wangapi wanaambiwa hapana na mama zao wakanywa uji wakaenda zao? Yeye alikunywa, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji. Akasema mama ni mzee, ana mtoto wa jicho, mchana anakuja shambani kujionyesha lakini usiku anakwenda kulala kwa mdogo wake. Akasema shamba halina mlinzi na nguruwe wanapita humo wanamaliza mpunga wa watu. Yeye mwenyewe dungu lake liko jirani, akasema, na tangu masuke yatoke hajakanyaga upande ule kwa sababu hakuna mtu wa kumwamkia.

Nguruwe walikuwa wanapita kweli. Hilo ndilo lililompa nguvu. Kila baada ya siku chache miti ya uzio wa mama ilikutwa imeng'olewa, na mpunga wa majirani umelazwa chini. Majirani wakaanza kumchukia. Mama akipita akisema asalamu alaikumu, mtu anajitia kufunga mkanda wa suruali. Alinisimulia hilo kwa simu kwa sauti ya kawaida, mie nikashindwa kumaliza ugali wangu.

Sasa nieleze moto wa mama, maana hapo ndipo kila mtu alipopotea. Mama hawashi moto wa kuwaka usiku kucha. Ana chungu cha zamani kilichovunjika mdomo, humo anaweka kijinga cha mkoko, kinaungua polepole, na juu yake anafunika majivu. Nguruwe, anasema, anauzoea moto anaouona kila saa. Moto unaoinuka ghafla ndio unaomkimbiza. Kwa hiyo yeye anakaa gizani anasikiliza. Akisikia mchakacho anafukua majivu, anatia nyasi kavu, anapuliza, moto unapanda, naye anapiga debe mpaka nguruwe ajute. Kisha anafunika tena. Bibi yangu alilinda hivyohivyo. Siku hizi wengi wana taa za sola zinazomulika mpaka asubuhi, wakiona dungu la giza wanajua hakuna mtu.

Wazee wa baraza walikwenda kuangalia baada ya swala ya isha. Wakasimama ukingo wa ng'ambo, muda wa kuvuta sigara moja, wakatazama upande wa mama. Giza. Wakarudi wakasema hawakuona moto na kikao kijacho wataamua. Nilipomwambia mama ananijibu, "Si wamesema hawakuona? Kweli hawakuona." Ukimsikia utadhani shamba ni la jirani.

Nikafunga studio, nikabeba kamera na miguu yake mitatu, nikapanda bodaboda. Nilisimama palepale waliposimama wao. Nikaweka muda mpaka mwisho, sekunde thelathini, na uwezo wa kamera kushika mwanga nikaupandisha juu kadiri unavyokwenda. Nikapiga, nikasubiri, nikatazama kwenye kioo kidogo cha nyuma. Bonde likaonekana, dungu likaonekana, na dunguni kulikuwa na alama nyekundu, ndogo lakini ipo. Nilifurahi wallahi. Papo hapo nikairusha kwenye simu, kutoka kwenye simu ikaenda kwa mwenyekiti, na maneno chini yake: Moto wa mama yangu huu hapa.

Kioo cha kamera gizani ni mwongo. Macho yako yameshazoea giza, kitu chochote chenye mwanga kidogo kinakuonyesha dunia nzima. Asubuhi tulipokutana nje ya ofisi ya kijiji, juani, mwenyekiti akafungua simu yake na picha ilikuwa nyeusi tititi. Akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali. Kaka akaiomba simu, akaitazama, akawazungushia wote mmoja mmoja.

"Mtaalamu wetu kapiga picha ya giza," akasema. Watu wakacheka. Akangoja wamalize. "Mie nilidhani nina wivu. Sasa hata kamera ya bintiye haikuona moto. Mnataka shahidi gani mwingine?"

Yaani picha niliyopiga kumtetea mama ikageuka ushahidi wa kumfukuza. Nilimfuata nyuma ya ofisi, na sikumwamkia.

"Mama atakwenda wapi?"

"Atakuja kwangu."

"Kwako ambako mkeo hasemezani naye?"

"Wewe unakaa mjini na mashine zako. Anayeulizwa na majirani habari za nguruwe ni mimi."

"Na uzio anang'oa nani?"

Akanitazama kwa utulivu ulionitamanisha kumpiga. "Muulize mama. Si ndiye anayelinda, unavyosema?"

Nilirudi Kibiti nikiwa nimevimba. Usiku huo nilikaa na kitabu cha maelezo ya kamera, kile ambacho hakuna anayekisoma, nikatafuta namna ya kupita huo ukuta wa sekunde thelathini. Ipo. Ukizungusha kigurudumu hatua moja zaidi ya thelathini kuna herufi B, na hapo kilango kinakaa wazi muda wote unaobonyeza kitufe. Tatizo ni kidole. Kidole cha binadamu kinatetemeka, na picha ya muda mrefu inaona kila mtetemeko. Unahitaji waya wenye kitufe chake unachoweza kukifunga. Nikampigia fundi mmoja Kariakoo ninayenunua kwake betri, akaahidi kunipakilia kwenye basi.

"Lakini dada, nakuonya," akasema. "Ukiiacha wazi muda mrefu, ndani inapata joto. Itaanza kukuonyesha vitu ambavyo havipo. Vinukta vyekundu, vya bluu, vyeupe. Si mwanga wa nje, ni joto lake lenyewe."

"Nitajuaje cha kweli?"

"Ifunike mdomo, upige tena muda uleule. Vinukta vitakavyotokea humo ni vyake. Kamera nyingine zinafanya zenyewe, lakini zinakula betri mno, na ikikuzimikia katikati umekosa vyote."

Nilirudi kule kabla mwezi haujaandama. Baada ya isha nilikuwa nimeshapanga vyombo. Mwanamke peke yake gizani na vyombo vya kuelekeza ng'ambo, huku kwetu hakuna anayempenda. Jirani mmoja wa mama alipita na tochi, akanimulika usoni, akaimulika kamera.

"Unampiga picha nani?"

"Mama yangu."

"Gizani?" Kisha akanitambua. "Ah, mtaalamu wa giza."

"Ondoa tochi yako," nikamwambia. "Mwanga wako utaniharibia kazi."

"Mpunga wangu umeshaharibika, na sikukuona kuja kuuliza." Akaondoka bila kuaga, akitembea taratibu makusudi ili mwanga wake uchelewe kutoka. Nilifunika kamera kwa kanga mpaka alipopotea.

Nikabonyeza kitufe cha waya, nikakifunga. Hapo huna la kufanya isipokuwa kusimama. Ukigusa miguu ya kamera umeharibu. Mbu wanakula huku unawaona, na huwezi kurukaruka kwa sababu ardhi ya pale ni laini, ukikanyaga kwa nguvu kila kitu kinatikisika. Sekunde thelathini zikapita, nikazitukana. Nikaendelea kusimama. Baada ya kitambo kirefu nikauona moto wa mama kwa macho yangu. Uliinuka dunguni, ukasimama, na debe likafuata, kakakaka, mpaka huku. Halafu giza likarudi. Nilingoja zaidi, ndipo nikafungua waya. Nikafunika kamera mdomo, nikapiga tena muda uleule, na betri ikanifikisha mwisho kwa taabu.

Safari hii sikutazama kioo cha kamera wala sikumtumia mtu kitu. Nilikwenda kufungua picha kwenye kompyuta studioni.

Moto ulikuwepo, mwekundu, juu ya nguzo za dungu, hakuna wa kuukataa. Juu angani nyota zilikuwa zimejivuta zikawa mistari mifupi, zote zimelalia upande mmoja. Na vinukta, kama fundi alivyoniambia, vilikuwa vimetapakaa kila mahali, mpaka mtoni. Nikafungua picha ya pili, ile ya kufunikwa. Nyeusi, na vinukta vilevile mahali palepale. Nikaanza kuvilinganisha kimoja kimoja ili nijue cha kufuta.

Kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa nukta. Mstari mwembamba wa mwanga, uliopindapinda, chini kabisa juu ya mpunga. Ulianza dungu la kaka yangu, ukafuata tuta, ukafika uzio wa mama. Hapo mwanga ulikuwa umejikusanya ukawa doa nene, maana yake aliyeushika alisimama. Kisha mstari wa pili, pembeni ya ule wa kwanza, ukarudi ulikotoka. Nilipokuwa nimesimama sikuuona, kwa sababu tochi ilikuwa imeelekezwa chini na mpunga uliikinga. Kamera ilikuwa inajikusanyia kidogo kidogo, mpaka ikampata mtu.

Sikulia. Nilicheka, cheko baya. Nikachapa picha zote mbili kwa karatasi kubwa niliyonayo, ile ya maharusi.

Siku ya kikao mama alikuja akiwa amejifunga kanga zake safi, akakaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, ambao walisogea kumpa nafasi kubwa kuliko anayohitaji. Sikuwa nimemwambia lolote. Nilitaka kaka aumbuke mbele yake na mbele ya watu wote, asipate pa kuficha uso. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kwa hamu, sitasema uongo.

Nikaweka picha ya kwanza mezani. Kaka akainama kabla ya mwenyekiti.

"Moto huo," nikasema.

"Naona. Na huu je? Na huu, na huu?" Akawa anagusa vinukta kwa kidole. "Jamani, hata mtoni kuna moto. Kumbe na kambale wanaota moto." Watu wakacheka tena, hata mwenyekiti. "Juzi alituletea giza, leo ametuletea taa za harusi."

Niliwaacha wacheke. Nikaweka ya pili juu yake. "Hii nimeipiga kamera ikiwa imefunikwa mdomo. Vinukta mnavyoviona ni joto la kamera. Chukueni kalamu. Kila kilichomo humu, kifuteni kule. Kitakachobaki ndicho kilichokuwepo bondeni."

Mwenyekiti alifanya mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na watu wakasogea. Kambale wakafutwa. Moto wa mama ukabaki. Nikasikia jirani mmoja akisema, "Haya, mama alikuwepo," kwa sauti ya chini.

"Na huu mstari?" akauliza mwenyekiti.

"Joto la kamera halitembei," nikasema. "Huyo ni mtu na tochi."

Kaka akasema ni nyota. Yule jirani aliyenimulika usoni akainuka, akaweka ukucha kwenye mstari, akaufuata taratibu. "Nyota haipiti kwenye mpunga," akasema. Ukucha wake ukaanzia dungu la kaka yangu ukaishia kwenye uzio wa mama, hapo penye doa. Akauacha hapo. Hakuna aliyecheka. Kuna watu wawili watatu pale waliopoteza mpunga wa mwaka mzima, na wote walimgeukia kaka.

Mama akaniita kwa jina nililopewa utotoni, ambalo halitumiki mbele za watu. "Mie sioni. Huo mstari unaishia wapi?"

"Kwenye uzio wako, mama. Unasimama hapo, kisha unarudi."

"Haufiki dunguni?"

"Haufiki."

Akatengeneza kanga begani. "Basi ni hapo anapozima tochi," akasema. "Macho yangu hayataki mwanga, nilimkanya. Akifika uzioni anazima, anakuja kwa miguu kuniamkia. Kila usiku huja. Tangu masuke yatoke."

Nilifungua mdomo. Alinyoosha mkono wake kuelekea sauti yangu, kiganja wazi, namna alivyokuwa anatunyamazisha wageni wakifika. Nikanyamaza, na nilichukia kwamba nilinyamaza.

Mwenyekiti akamtazama kaka. "Ni kweli unakwenda kumwamkia?"

Nilimtazama na mie. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Akisema kweli, basi mama alikuwepo dunguni kila usiku, na yeye mwenyewe amekubali. Akisema si kweli, aeleze alikuwa anafanya nini kwenye uzio, mbele ya watu wenye majembe.

"Ni kweli," akasema.

"Ulituambia dunguni hakuna mtu."

"Nilikosea."

"Na huo uzio," mama akaongeza, "ameniahidi atautengeneza yeye. Na mpunga wa jirani uliolala, atakwenda kusaidia kuvuna. Mwanangu ana moyo." Alisema hivyo bila kutabasamu. Shamba likabaki la mama, kikao kikafungwa, na wale wanawake wakasogea wakabana nafasi waliyokuwa wameiacha.

Nilimshika mkono tukitoka, nikamshika kwa nguvu kuliko inavyostahili kumshika mama.

"Umemficha. Alikuwa anang'oa uzio wako kwa mikono yake, mama, na wewe umekaa ukamsifu."

"Mguu wake niliujua tangu usiku wa kwanza. Nimemzaa mimi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangempiga. Nawe ungepiga picha."

Hilo lilinichoma na bado linanichoma. Nilimpeleka mpaka njia ya shambani, nikaondoka bila kunywa hata maji.

Kaka hatusemezani. Akija Kibiti anapita upande wa pili wa barabara, na vizuri apite hukohuko. Lakini kwa kuwa alisema ni kweli mbele ya kijiji kizima, imebidi iwe kweli. Majirani wanaingoja tochi yake. Isha ikipita bila kuiona wanamuuliza asubuhi, mama yako hajambo? Kwa hiyo kila usiku anapita kwenye tuta.

Kabla ya mavuno nilikwenda kumpelekea mama dawa ya macho, nikachelewa kurudi, isha ikanikuta nimeshavuka, nikasimama ukingoni kungoja bodaboda. Kamera ilikuwa mkobani na sikuitoa. Tochi ikatoka dungu la kaka, ikafuata tuta, ikafika uzioni, ikazimika, kama mama alivyosema barazani. Nikawa natazama giza. Kisha moto ukainuka dunguni, mkubwa, ukakaa bila kufunikwa, na debe halikulia. Mama alikuwa anammulikia njia. Nikapandwa na hasira upya, bodaboda ikaja, nikarudi zangu Kibiti.